Bustani ya Nyuma ya Jiko na Akiba ya Mbegu

Hotuba ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kisumu. Imechapishwa katika taarifa hii kwa agizo la Halmashauri.



Twamshukuru Mwenyekiti kwa kutupa nafasi ya kusema baada ya Mweka Hazina kumaliza hesabu zake. Kwa desturi kazi ya karani ni kuandika maneno ya wengine, si kusema yake. Walakini mwaka huu Halmashauri imetuagiza sisi wa ofisi tueleze jambo moja ambalo limeletwa mezani petu mara kwa mara, nalo ni jambo la mboga. Huenda wako watakaoona si heshima kuwaita wazee kutoka Seme, Kano na Nyakach ili wasikilize habari za mboga. Twawaomba subira. Jambo hili si dogo kama lionekanavyo, na leo, kabla hatujatawanyika, yatupasa kulikatia shauri.

Shauri lenyewe ni hili. Nyuma ya ofisi yetu pana kiwanja kitupu. Baadhi ya wanachama wameomba kikodishwe kwa waosha magari, ili Chama kipate kodi kila mwezi. Wengine, na wengi wao ni akina mama, wameomba kigeuzwe kitalu cha kukuzia miche na kuzalishia mbegu za mboga zetu. Maombi yote mawili yameandikwa kwa adabu, na yote mawili yastahili kusikilizwa. Sisi twaunga mkono ombi la pili, na sababu zetu ni hizi zifuatazo.

FEDHA ITOKAYO KIDOGO KIDOGO

Chama chetu hujulikana kwa mambo makubwa: kusafirisha maiti, kulipia karo, kumsaidia mwanachama aliyelazwa hospitali. Mambo hayo huonekana, na kila senti yake imo daftarini. Lakini iko fedha nyingine itokayo nyumbani mwetu isiyoandikwa na mtu yeyote, nayo ni ile ya fungu la mboga jioni.

Mathalani, tuseme nyumba moja hununua mboga za shilingi 50 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 ni shilingi 1,500, na kwa mwaka ni shilingi 18,250. Hatusemi kwamba kila nyumba hutumia kiasi hicho hasa. Iko itumiayo zaidi, na iko itumiayo pungufu. Twataka tu mwone jinsi kidogo kinavyokua. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Basi haba na haba pia hukimaliza kibaba. Na kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, mwenye nyumba hushangaa mwisho wa mwezi asijue fedha imekwenda wapi.

Bustani ndogo haitaondoa gharama hiyo yote, wala hatutaki kumdanganya mtu. Lakini ikiondoa nusu yake tu, kwa hesabu hiyo hiyo nyumba imeokoa zaidi ya shilingi 9,000 kwa mwaka. Zaidi ya hayo, mwenye bustani hula mboga hata siku asiyo na fedha, na hiyo ndiyo siku ambayo watoto wa jirani yake hula ugali kwa chumvi. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mtu mzima ale matunda na mboga zisizopungua gramu 400 kila siku. Ni nyumba ngapi katika Manyatta, Nyalenda au Obunga ziwezazo kununua kiasi hicho kwa kila mtu, siku zote za mwaka? Tusiulize tu, na tuangalie nyuma ya majiko yetu.

KAZI YA CHAMA SI MAZISHI PEKE YAKE

Wako watakaosema kwamba chama cha msaada hakina haja ya kushika jembe. Twawakumbusha historia ya nchi yetu. Baada ya mkutano wa Lundha, Gem, mwezi wa Desemba 1921, ulioanzisha harakati ya Piny Owacho, kilizaliwa chama cha vijana kilichodai haki za watu kuhusu kodi, kipande na ardhi. Mwaka 1923, kwa uongozi wa Arkidikoni Walter Owen wa misheni ya C.M.S., chama hicho kiligeuzwe kuwa chama cha ustawi wa walipa kodi wa Kavirondo. Wengine walilalamika kwamba ukali wa madai ulipunguzwa, na hoja yao ina uzito hata leo. Lakini jambo moja la chama kile halikuwa na ubaya: wanachama walihimizwa kuchimba vyoo, kuua panya na kupanda miti. Waliona kwamba ustawi huanza uani kwa mtu, kabla haujafika ofisini kwa Serikali.

Tena bustani ya nyuma ya nyumba si jambo la kuletwa na mgeni. Kila aliyelelewa katika dala la Kijaluo ajua orundu, shamba dogo lililo karibu na nyumba ya mama. Humo ndimo mboga zilimopatikana bila kumwomba mtu. Na kwa kuwa majivu, taka za jikoni na samadi ya mbuzi vilitupwa upande huo huo, ardhi yake ilinona mwaka hata mwaka. Mabibi zetu hawakusoma kitabu cha kilimo, ila walijua kwamba mboga hupenda kukaa karibu na jiko.

Kilichotupotosha ni dharau. Kwa miaka mingi mashule na maofisa wa kilimo walisifu kabichi na kusahau mnavu. Mboga zetu zikaitwa magugu, au chakula cha maskini. Mtoto aliyekwenda shule akajifunza kuona haya akipakuliwa mgagani mbele ya mgeni. Sukuma wiki nayo ilikuja ikakaa, hata leo ni kama mzaliwa wa nchi. Hatuikatazi, kwani imelisha watu wengi. Lakini nyumba ilayo sukuma wiki jana, leo na kesho imejinyima mali iliyo mlangoni pake.

Twafurahi kusema kwamba dharau hiyo imeanza kuondoka, na sehemu ya sifa ni ya watu wa upande wetu huu. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Maseno kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, alitumia miaka mingi kuchunguza mboga za asili za Kiafrika, mbegu zake na ubora wake kwa mwili. Mwaka 2010 alipewa tuzo ya sayansi ya Kwame Nkrumah ya Umoja wa Afrika. Uchunguzi wa wataalamu umethibitisha kwamba majani haya ya kijani kilichokolea yana chuma, kalsiamu na asili ya vitamini A kwa wingi kuliko kabichi. Huko Nairobi, mboga zilizodharauliwa sasa hupangwa madukani makubwa, zikiitwa managu na saga, na wenye fedha huzinunua kwa bei.

UDONGO, MAJI NA NAFASI

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Nchi yetu ina udongo wa namna nyingi. Katika tambarare ya Kano kuna udongo mweusi mzito, ambao wakati wa mvua hushika maji kama bakuli, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ziwezazo kumeza mguu wa mbuzi. Penye udongo huo inua matuta yenye kimo cha kiganja na nusu au zaidi, ukichanganya samadi iliyooza na majani makavu, na acha njia za maji baina ya tuta na tuta. Vilimani, kama Kajulu, udongo ni mwepesi na maji hukimbia. Huko matuta yakingame mteremko, na kingo zake zipandwe majani ya kuzuia mmomonyoko. Penye ukame fanya kinyume: chimba vitanda viwe chini kidogo kuliko ardhi, ili kila tone la maji likae.

Aliyepanga chumba kimoja asiseme kwamba hana shamba. Gunia moja lamtosha kuanza. Chukua gunia na kopo kubwa lisilo na kitako. Simamisha kopo katikati ya gunia, lijaze mawe madogo, kisha jaza udongo uliochanganywa na samadi pande zote. Udongo ukifikia ukingo wa kopo, livute juu na kuyaacha mawe mahali pake, ulijaze tena. Endelea hivyo hata gunia lijae. Mawe hayo yatakuwa njia ya kupelekea maji mpaka chini. Toboa matundu ubavuni kwa kupishana, upande miche matunduni na juu. Mwombe mwenye nyumba ruhusa kabla ya kuanza, maana ugomvi juu ya gunia umevunja ujirani mwema.

Kuhusu samadi, ya kuku ni kali. Iache ioze majuma kadhaa kabla ya kuitia bustanini, la sivyo itaunguza miche. Magugumaji ambayo yamesumbua ghuba yetu tangu miaka ya 1990 hutumiwa na wengine kufanyia mboji. Walakini mmea huo hunyonya sumu za madini zilizomo majini. Kwa hiyo yasichukuliwe karibu na midomo ya mifereji ya viwanda na ya mji.

Juu ya maji twasema kwa mkazo. Mboga za majani zisinyweshwe maji ya mfereji mchafu, hata kama mimea itanawiri. Maji ya kinyesi hubeba kipindupindu, homa ya matumbo na mayai ya minyoo, navyo hukaa juu ya jani mpaka sahanini. Bora tuta moja linyweshwalo maji safi kuliko matano yanyweshwayo uchafu. Maji uliyooshea mboga au mchele yatosha kabisa kwa gunia moja. Nywesha asubuhi mapema au jioni, kwenye shina, kisha funika udongo kwa majani makavu ili jua lisiyaibe maji.

MBOGA ZIFAAZO

Hatutazitaja zote. Tumechagua zile zinazoota vizuri kwetu, na zinazofuatana kwa wakati.

Mchicha, yaani ododo, ndio wa kuanzia. Huwa tayari kwa majuma matatu au manne, nao humtia moyo mwanafunzi wa kilimo aliye na haraka.

Majani ya kunde, yaani boo, hupandwa moja kwa moja tutani bila kitalu. Chuma majani machanga ungali mmea mdogo, ukiacha ncha ikue. Mizizi ya kunde ina vifundo virudishavyo naitrojini ardhini. Kwa hiyo tuta lililochoka lipumzishwe kwa kunde. Mitoo nayo hufanya kazi hiyo hiyo. Iko ya namna mbili, chungu na isiyo chungu sana, na kila nyumba yajua ipendayo.

Mgagani, yaani dek au akeyo, huota upesi na kuchanua upesi. Ukiuacha utoe maua, majani hupungua; basi kata vikonyo vya maua mara vitokeapo, ila kwa ile mimea uliyoiweka kwa mbegu.

Mnavu, yaani osuga, hutaka kitalu kwanza, kwa sababu mbegu zake ni ndogo mno. Changanya mbegu na mchanga mkavu ndipo uzimwage kwa mistari, kisha hamisha miche ikiwa na majani matano au sita. Mnavu ukitunzwa na kukatwa vizuri hutoa machipukizi kwa miezi. Watoto waonywe wasile matunda yake mabichi, maana yana sumu.

Mlenda, yaani apoth, una ganda gumu la mbegu, na wengi hulalamika kwamba wamepanda wasione kitu. Dawa ni kuzifunga mbegu katika kitambaa na kukichovya katika maji yaliyotoka kuchemka, kwa muda wa kuhesabu hata kumi, kisha kuzianika kivulini na kuzipanda. Mlenda ukichanganywa na kunde sufuriani, hata mgonjwa asiye na hamu ya kula humeza tonge.

Tusisahau majani ya maboga, yaani susa, ambayo hutambaa penye lundo la taka bila kuomba nafasi ya mtu, wala kandhira, ndugu wa sukuma wiki aliyekuwa hapa kabla yake. Na kwa mboga zilizo chungu, desturi ya mama zetu ya kuzipika kwa maziwa, zikalala na kupashwa tena siku ya pili, haina haja ya kusahihishwa na mtu.

VIUNGO VYA JIKONI

Ukingo wa bustani ni wa viungo. Dania isihamishwe kutoka kitaluni, kwani hukasirika ikaenda mbio kutoa maua. Punje yake ina mbegu mbili ndani. Ivunje kwa kuisugua polepole, upande pale pale itakapokaa, na urudie kupanda kidogo kila baada ya majuma matatu. Kitunguu cha majani hukatwa na kuota tena. Pilipili mbili au tatu zatosha nyumba nzima. Mchaichai ukipandwa kwenye mteremko hushika udongo kwa mizizi, na majani yake hutiwa katika chai siku ya baridi. Mnanaa upandwe ndani ya kopo, kwani ukiachiwa huru utatawala tuta zima.

Wadudu wasiwe sababu ya kukimbilia dawa kali. Vidukari vikionekana chini ya majani, viondoe kwa mkono au nyunyiza maji yenye sabuni kidogo. Majivu makavu nayo husaidia. Mboga ambayo mtoto ataila kesho haifai kutiwa leo sumu isiyojulikana jina. Adui mkubwa zaidi ya wadudu ni kuku wa jirani, na dawa yake ni ua wa matete na maneno mazuri.

MBEGU NDIYO MALI YENYEWE

Sasa, Bwana Mwenyekiti, tumefika mahali ambapo sababu zetu zote zakutana. Hayo yote tuliyoyasema hayana faida kama hakuna mbegu.

Mvua kubwa za mwaka 1961 na 1962 zilipandisha maji ya ziwa, na wazee waliomo humu wayakumbuka mafuriko yale. Mwaka 2020 ziwa lilipanda tena, likafunika mashamba na nyumba za watu ufukoni. Akina mama waliokuja ofisini mwetu baada ya mafuriko hayo walieleza hasara zao moja moja, nasi tukaziandika: mabati, vitanda, mbuzi, vyombo. Mwishoni, karibu wote, kila mmoja kwa maneno yake, wakataja kitu ambacho fomu yetu haikuwa na nafasi yake: vibuyu na chupa za mbegu. Nyumba hujengwa tena na vyombo hununuliwa. Lakini mbegu ya mnavu ambayo mama alipewa na mama mkwe wake, naye na mama mkwe wake, ikichukuliwa na maji haina duka la kuinunulia. Mnavu uuzwao katika pakiti ni mzuri, nasi hatuutukani. Ila haukuchaguliwa na mikono mitatu ya ukoo mmoja kwa udongo wa ukoo huo.

Nchi nzima imeona jambo hili. Benki ya Taifa ya Mbegu ilianzishwa Muguga mwaka 1988 ili kuhifadhi mbegu za mimea ya Kenya, na jirani zetu wa Tanzania wana kituo cha kimataifa cha mboga karibu na Arusha tangu mwaka 1992. Hizo ni ghala kubwa za kuzuia maafa. Lakini mama wa Nyamasaria hawezi kwenda Muguga kwa ajili ya kijiko cha mbegu. Yataka ghala ndogo iliyo karibu.

Wako waliotuuliza kama sheria yaruhusu. Kwa miaka kadhaa Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea iliwatia hofu wakulima kwamba kuuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa ni kosa liwezalo kuwapeleka gerezani. Wakulima wadogo walipeleka shauri hilo mahakamani, na mwezi wa Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos iliamua kwamba vifungu vilivyowazuia wakulima kuweka na kupeana mbegu zao vyapingana na Katiba. Kwa hiyo tulilokuwa tukilifanya kwa kificho sasa twaweza kulifanya mchana, tena kwa daftari.

Na kazi ya mbegu ina kanuni zake, ambazo si ngumu. Kwanza, mimea ya mbegu ichaguliwe mapema, iliyo mizuri kuliko yote, iwekewe alama ya kitambaa, na majani yake yasichumwe. Wengi huchuma iliyo mizuri wakaacha iliyodumaa izae mbegu, kisha mwaka wa pili hulaumu mvua. Pili, matunda ya mnavu yaive kabisa, yapondwe majini, mbegu zioshwe na kuanikwa kivulini. Maganda ya mgagani na mlenda yachumwe yanapokauka, kabla hayajapasuka. Tatu, mbegu mbichi za mgagani hazioti vema. Ziwekwe miezi mitatu au zaidi ndipo zipandwe. Nne, kunde zichanganywe na majivu makavu, fukusi wasizitoboe. Tano, kila chombo kiandikwe jina la mboga, mwezi na mwaka, na mahali ilipotoka. Husemwa akiba haiozi. Lakini akiba ya mbegu iliyowekwa na unyevu huoza, na mwenye nayo hujua siku ya kupanda tu.

MAOMBI YETU KWA MKUTANO

Basi twaomba mkutano ukubali mambo matatu.

La kwanza, kiwanja cha nyuma ya ofisi kiwe kitalu na shamba la mbegu kwa muda wa misimu minne: chwiri mbili, yaani mvua za masika, na opon mbili, yaani mvua za vuli. Misimu hiyo ikiisha bila faida, sisi wenyewe tutaandika barua ya kuwaita wenye magari.

La pili, lifunguliwe daftari la mbegu. Mwanachama atakopa kijiko kimoja cha mbegu, na baada ya kuvuna atarudisha viwili. Kimoja kitarudi ghalani na cha pili atapewa mwanachama mpya. Asiyerudisha ataulizwa kwa upole, kama tuwaulizavyo wanaochelewesha ada.

La tatu, wachaguliwe akina mama watano wenye ujuzi wa mbegu wawe wasimamizi, na neno lao juu ya kitalu liwe ndilo neno la Chama. Hapo zamani mabinti walifundishwa na pim katika siwindhe. Leo siwindhe hakuna, na pim waliobaki wazeeka. Ujuzi wao haumo katika kitabu chochote cha ofisi yetu. Akifa mmoja twachanga fedha za mazishi yake kwa ukarimu mkubwa, na tunazika pamoja naye yale ambayo hatukumwuliza.

Hatufichi upande wa pili. Kodi ya waosha magari ni fedha ya hakika, na Mweka Hazina ameisoma mbele yenu. Kitalu hakitatoa fedha mwaka wa kwanza. Kitataka maji, ua na mlinzi. Mzee mmoja alituambia kwa haki kwamba karo hailipwi kwa mchicha. Ni kweli. Lakini kodi ile ikigawanywa kwa wanachama wote, kila nyumba haipati hata mafungu machache ya mboga; na kijiko cha mbegu kikizaa katika nyumba mia, faida yake huingia jikoni kila siku bila kupita mikononi mwa mtu. Tena maji ya kuoshea magari, yenye mafuta na sabuni, yatateremka kwenye mitaro mpaka ziwani, na ziwa hilo ndilo litulishalo samaki. Hatudhani mkutano huu wapenda kupokea kodi kwa mkono mmoja na kulipa hasara kwa mkono wa pili.

Kura itapigwa baada ya chakula, kwa kuinua mikono, wanawake na wanaume pamoja. Mezani kwa Katibu kuna chupa saba, zilizoletwa na akina mama saba, zikiwa na mbegu za mnavu, mgagani, mlenda, mitoo, kunde, mchicha na kandhira. Waliozileta hawakungoja mkutano ukubali kwanza. Kila mwanachama aruhusiwa kuchukua kijiko kimoja awapo njiani kwenda kula, hata yule atakayepiga kura ya kupinga. Ila aandike jina lake daftarini, maana kazi imekwisha kuanza, na mwisho wa msimu tutamdai viwili.